Arusi isikule mbegu wala pori: tuitayarishe kuanzia shambani

Maharagi ya sezoni B yanakaribia kupukutwa, mvua inapunguka, na watoto karibu wanatoka masomo. Huku kwetu Kivu kila mutu anajua maana yake: mwezi wa saba na mwezi wa nane ni miezi ya arusi. Kila mwisho wa juma kuna turubai limefungwa fasi fulani, kuna grupu inalia, kuna masufuria makubwa juu ya mafiga. Sisi wa gazeti hili hatukuje kuwaambia musioe ao musialike watu. Sisi pia tunapenda kula arusi.

Lakini kuna jambo tunaliona tukipita ndani ya vijiji mwezi wa tisa, wakati mvua ya kwanza inanyesha na kila mukulima anapaswa kuwa shambani na mbegu mukononi. Tunauliza: maharagi ya mbegu iko wapi? Jibu: tulikula arusi. Na ile miti ya grevillea pembeni ya shamba? Ilipikia arusi. Na muchele uliochukuliwa kwa deni, umelipwa? Watu wanaangalia chini. Ndoa ya watoto wetu inaanza na ghala tupu, kilima uchi na deni kwa muchuuzi. Njo sababu ya kuandika habari hii mapema, wakati bado kuna nafasi ya kupanga.

Mutu akisikia "arusi inayolinda mazingira", anawaza mambo ya watu wa muji mukubwa: kadi za mwaliko ndani ya simu, nguo ya bibi-arusi iliyovaliwa mara ya pili, maua ya namna fulani. Mukulima yeye, mazingira yake ni udongo, maji, kuni, mbegu na nyama zake za kufuga. Arusi isiyoharibu vitu hivi ni arusi yenyi kulinda mazingira, hata kama watu walicheza mpaka asubui. Mingine ni mapambo.

Moto njo unakula kuliko wageni

Siku ya arusi, kitu kinachokula mali ya kilima kuliko vyote ni moto. Kuna maharagi, kuna sombe, kuna nyama, kuna bugali, kuna chai ya wale wanaokesha. Masufuria matano ao sita yanakaa nje juu ya mawe matatu, upepo unapiga kila upande, kuanzia jioni ya mbele mpaka magaribi ya kesho yake. Sehemu kubwa ya joto haifike kwenye sufuria hata kidogo. Inapasha upepo.

Wengine wanaona afazali makala, sababu haina moshi na mupishi halii. Ni kweli kwa macho ya mupishi. Lakini tufanye hesabu. Ndani ya tanuru ya udongo ya kawaida, kilo 100 za muti mukavu zinatoa makala kilo 10 mpaka 20 tu. Basi jamaa inayonunua makala kilo 100 kwa arusi imekata miti ya kilo 500 mpaka kilo 1.000, hata kama mikono yao haikushika panga. Na miti ile ilitoka wapi? Kwa sisi tunaokaa karibu na Virunga, hifazi iliyoanzishwa mwaka 1925, ao karibu na Kahuzi-Biega ya mwaka 1970, jibu mara mingi linajulikana na hakuna anayependa kulisema kwa sauti. Mwaka 2007, wakati sokwe wa milimani walipouawa ndani ya Virunga, uchunguzi ulielekea kwa biashara ya makala. Tena, wamama wanaoingia ndani ya pori kutafuta kuni wanajua wanayokutana nayo mule: kutozwa franga, kupigwa, na mabaya zaidi ya hayo. Hakuna muzazi anayetaka mutoto wake aolewe juu ya moto wa namna ile. Ila hatuulizi, sababu makala inafika ikiwa ndani ya mufuko.

Basi, kitu cha kwanza: kuni itoke kwa miti yetu wenyewe, na ikauke. Muti mubichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto unapaswa kwanza kufukuza maji yale mbele ya kupika chakula. Kuni ya arusi ya mwezi wa nane ikatwe mwezi wa tano, ama mwezi wa sita mwanzoni, ipasuliwe vipande vya unene wa kifundo cha mukono, ipangwe fasi yenyi kupita upepo na kufunikwa juu peke yake. Mara mingi vijana wanatumwa kukata kuni siku tatu mbele ya arusi. Wanakata mizigo mingi kuliko iliyo lazima, na wamama wanalia moshi usiku muzima.

Kitu cha pili: mafiga yafungwe ukuta. Hii haiombi franga. Chukueni udongo wa kichuguu ao wa mufinyanzi, muchanga, na majani makavu yaliyokatwa-katwa, mukanyage pamoja mpaka ishikane. Jengeni ukuta kuzunguka sufuria lenyewe, likiwa ndani wakati wa kujenga, wala si kwa kukadiria na macho. Kati ya sufuria na ukuta ibaki nafasi ya kidole kimoja hivi, ili mwali upande ukiramba ubavu wa sufuria. Muache mulango mumoja mudogo wa kuni. Ndani ya mulango muweke vipande vya chuma ao mawe ya kuinua kuni, hewa ipite chini yake. Kisha muliache likauke juma mbili ao tatu. Wenyi haraka wanaliwasha kesho yake, linapasuka, halafu wanasema majiko ya udongo ni ya bure. Jiko lililojengwa vizuri linaweza kupunguza kuni sehemu moja juu ya tatu, ao zaidi. Musituamini kwa maneno: pimeni kuni kwa kilo, muchemshe maji bido moja juu ya mawe matatu, kisha bido moja juu ya jiko lile, mulinganishe.

Kitu cha tatu kinakaa kwa wapishi, na wapishi njo wenyi kuamua. Maharagi yalowekwe usiku muzima, na maji yale ya kuloweka yamwagwe. Kila sufuria iwe na kifuniko. Kama hakuna, majani ya mugomba na sahani kubwa juu yake. Na kuna ile njia ya kitunga ambayo wamama mingi wanaijua kwa chungu kidogo, lakini hawaifanye kwa arusi, kumbe kwa sufuria kubwa inakubali zaidi, sababu sufuria kubwa inashika joto sana. Maharagi yaliyolowekwa yatokote vizuri nusu saa, sufuria lifungwe na kifuniko chake na kuingizwa ndani ya kitunga kikubwa chenyi kujazwa majani makavu ya mugomba, kisha mablangeti juu. Baada ya saa nne hivi yanakuwa yamelainika bila kuni hata moja. Yarudishwe motoni yatokote tena mbele ya kugawa. Ile nusu saa ya kwanza ya kutokota isipunguzwe, sababu maharagi yasiyotokota vizuri yanaumiza tumbo.

Sombe, hapo tunawaomba musitafute njia ya mukato. Itwangwe kabisa na ipikwe wakati wake wote. Vilevile muhogo muchungu: ulowekwe siku zake zote mbele ya kuanikwa na kusagwa. Wakati wa arusi unga unatafutwa kwa haraka, na kuna watu wanapunguza siku za kuloweka ili wafikishe mifuko iliyoombwa. Muhogo muchungu usiotengenezwa vizuri ni sumu. Mutu akiula siku mingi bila chakula kingine cha kujenga mwili, anaweza kupata konzo, ule ugonjwa wa kulemaa miguu unaojulikana sana kule Kwango. Kuni tutaipunguza fasi ingine.

Maharagi ya wageni na maharagi ya mwezi wa tisa

Tuchukue jamaa moja ya mufano, inaalika watu 300. Kila mutu akipewa maharagi gramu 100 ikiwa kavu, ni kilo 30. Inaonekana kidogo, si ndiyo? Lakini maharagi mafupi yanaomba mbegu kilo 80 mpaka 100 kwa hektari, na ya kupanda juu ya miti yanaomba kilo 50 mpaka 60 hivi. Kilo 30 zile ni mbegu ya sehemu moja juu ya tatu ya hektari ya maharagi mafupi, ao nusu hektari ya yale ya kupanda juu. Kwa jamaa mingi za koperative zetu, hiyo njo shamba lao lote la maharagi. Na sahani ya mugeni haina kipimo: kuna wale walioalikwa, kuna wale waliosikia muziki.

Shida si kwamba watu walikula. Shida ni kwamba mbegu na chakula vilikuwa ndani ya mufuko mumoja, na usiku wa arusi hakuna mutu mwenyi nguvu ya kusema "hii hapana". Mama mwenyi nyumba akiombwa maharagi mengine na shemeji zake mbele ya wageni, atasema nini? Anafungua.

Kwa hiyo mbegu itoke nyumbani mbele ya komite ya arusi kuingia. Mukimaliza kupukuta, chagueni mbegu ya sezoni A, muikaushe vizuri, muifunge ndani ya bido yenyi kifuniko kikali na muipeleke kwa depo ya koperative, iandikwe ndani ya daftari kwa jina la mama na la baba, wote wawili, ili mumoja asiitoe bila mwingine kujua. Kisha njo mujue kile kilichobaki, na kwa kile kilichobaki mupange idadi ya wageni. Wengi wanafanya kinyume: wanapanga wageni kwanza, halafu wanatafuta chakula. Ukianza na wageni, hesabu haitakubali hata siku moja.

Na mwezi ule shamba lina vitu vingine. Kuna viazi vitamu, kuna mateke, kuna ndizi, kuna lenga-lenga ya mabonde, kuna avoka. Kwa nini arusi ya mukulima ionekane nzuri tu kama kuna muchele uliotoka ngambo ya bahari? Kama muchele ni lazima, sababu bibi wa upande wa pili hawezi kusikia arusi bila muchele, kuna mupunga wa tambarare ya Ruzizi. Koperative inaweza kutuma mutu mumoja kununua kwa wakulima wenzetu kwa ajili ya arusi tatu kwa pamoja. Franga inabaki kwa mukulima, na safari moja inatosha.

Nyama. Kwa Washi ngombe, kwa Wanande mbuzi: tunajua samani yake, na hatugusi desturi. Tunasema tu musichinje jike linalotoa maziwa ao lenyi mimba ati kwa sababu ni nene. Dume lililozeeka lipo, dende wapo, kuku wapo, na sambaza wa ziwa Kivu wapo pia. Samaki hawa waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa wanalisha watu mingi. Muulize ila nyavu: wale wadogo kabisa waliovuliwa na chandarua cha mbu, muache kuwanunua. Nyama ya pori, hapana. Sheria n° 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe inakataza kuua nyama wanaolindwa, na mulinzi wa hifazi haangalie kama sufuria ni la arusi.

Kuna jambo moja juu ya mali ya ukweni ambalo hatulisikie likisemwa ndani ya mazungumuzo ya jamaa. Mbuzi ao ngombe wakifika, watakula nini? Mwezi wa nane majani yamekauka. Wakifunguliwa juu ya kilima, wanakula mpaka mizizi, na mvua ya mwezi wa tisa inabeba udongo. Jamaa inayongojea kupokea nyama ipande mapema setaria ao tripsacum juu ya mistari ya kuzuia mumomonyoko, tangu sezoni iliyotangulia. Na kama majani hayatoshe, wakwe wanaweza kuombwa kwa heshima walete nyama mvua ikirudi. Wakwe wenyi akili hawakatae, sababu mbuzi aliyekufa njaa anarudisha maneno kwa jamaa zote mbili.

Panga ya arusi

Hapa tunaomba musome polepole, juu hatari hii haionekane siku ile ile.

Ugonjwa wa mnyauko wa ndizi, ambao wengine wanauita kirabiranya, ulionekana ndani ya inchi yetu mwaka 2001 kule Masisi, na tangu pale umemaliza migomba ya vijiji vizima. Unabebwa na nini? Na vidudu vinavyotembelea ua la mwisho wa kitawi, na miche iliyotoka kwa shamba lenyi ugonjwa, na zaidi sana na panga yetu wenyewe. Arusi inaomba nini? Inaomba vitawi vingi vya ndizi kwa kasiksi, na majani mingi kwa kufunika, kugawia na kupamba. Vijana kumi wanatoka na mapanga, wanapita shamba kwa shamba, wanakata kwa huyu, wanakata kwa yule, wanarudi wakiimba. Kama mugomba mumoja tu ulikuwa mugonjwa, ugonjwa umetembea pamoja nao kama mualikwa.

Tunasema hivi: kabla ya kukata, muangalie. Majani yanayogeuka rangi ya manjano na kulegea bila sababu, ua la mwisho linalonyauka, ndizi zinazoiva mbele ya wakati wake, na ukikata tunda unaona ndani limekuwa na rangi ya kutu: shamba lile lisiguswe. Panga ipitishwe ndani ya moto kati ya shamba na shamba, mpaka isishikike kwa mukono, ao isafishwe na maji ya javel. Mutu mumoja atembee na moto ao na chupa ya javel, na kazi yake iwe hiyo peke yake. Maganda na majani yaliyotoka shamba la mbali yasitupwe chini ya migomba yenu. Yaanikwe yakauke vizuri kwanza, mbali na shamba. Na wale wanaouza kasiksi, mununue kasiksi iliyo tayari kwao kuliko kubeba vitawi toka kijiji kingine.

Majani ya mugomba yenyewe ni sahani nzuri sana, hayaoshwe, na kesho yake yanakuwa mbolea. Tunayapenda. Ila yatoke kwa migomba mizima, na kila mugomba uachiwe majani ya kutosha kukomaza kitawi chake.

Sashe na gobele

Amri ya Serikali ya mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Sote tunajua namna inavyofuatwa ndani ya soko. Lakini ndani ya shamba sashe haingoje polisi. Mbuzi anaikula kwa sababu ya chumvi ao mafuta ya chakula yaliyobaki ndani, inajifunga ndani ya tumbo lake, analegea, anakonda, anakufa, na watu wanasema ni uchawi. Sashe iliyofukiwa inazuia maji na mizizi. Ile inayochomwa moshi wake ni sumu kwa watoto wanaokaa karibu. Baada ya arusi kubwa upepo unazisambaza mpaka kwa shamba la jirani ambaye hakualikwa.

Gobele za plastiki ziliingia kwetu kwa sababu moja yenyi maana: watu wanaogopa ugonjwa. Kolera iko huku kwenye maziwa yetu, haikutoka. Kwa hiyo anayesema "tuache gobele" aseme pia tutaosha namna gani. Tupange beseni tatu: ya kwanza maji na sabuni, ya pili maji safi ya kusuuza, ya tatu maji yenyi klorini. Vikombe vya chuma vikauke juu ya meza ya miti, si kwa kitambaa kimoja kinachopita kwa kila mutu. Maji ya kunywa yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya dawa, ndani ya bido zenyi bomba, kuliko kuyachemsha yote kwa kuni. Na mwenyi kunawisha wageni mikono awe na sabuni. Siku hizi watu wanamwaga maji tu kwa vidole.

Kuhusu chupa za bia na za sukari, hapo hatuna neno. Chupa ya kioo inarudi na kazie yake, inaoshwa, inajazwa tena. Muihesabu tu vizuri. Zile za plastiki za maji na za vinywaji vidogo-vidogo ndizo zinabaki ndani ya mufereji.

Vyombo vya wote

Jamaa moja haiwezi kununua sahani 300 za chuma kwa siku moja. Koperative inaweza. Hapa njo tunaona nguvu yenu, na tunashangaa ni koperative chache zimeifikiri: masufuria makubwa manne, sahani, vikombe, beseni, turubai moja, viti vya miti ao vya mianzi, na jiko la udongo moja lililojengwa kabisa kwenye kiwanja cha koperative karibu na maji. Mwanamemba anakodi kwa bei ndogo, asiye mwanamemba kwa bei zaidi kidogo, na franga inaingia ndani ya MUSO ao ndani ya sanduku la koperative. Miti ya kusimamisha turubai pia inakaa: leo kila arusi inakata miti michanga ya eukaliptusi ishirini kwa siku moja, kisha inaachwa ioze. Mianzi ikiwekwa chini ya paa inatumika miaka.

Lazima kuwe na mulinzi wa vyombo na daftari yake. Bila daftari, mwaka wa pili mutabaki na sufuria moja na maneno mingi.

Tunajua neno litakalosemwa. "Watatuona masikini." Ama: "Wakwe watasema tulizarau mutoto wao." Neno hili si dogo, na hatulicheki. Baba anauza sehemu ya shamba juu ya neno hili. Lakini tuangalie vizuri kile wageni wanachokumbuka. Wanakumbuka kama walipokelewa, kama walikula wakashiba, kama wazee waliketi fasi yao, kama hotuba haikuwa ndefu. Hakuna anayekumbuka gobele. Na kama jamaa moja ikianza peke yake kupunguza, kweli itachekwa. Njo maana tunawaandikia ninyi wote pamoja: mukutano mukuu ukikata kwamba arusi za wanamemba zinatumia vyombo vya koperative, hakuna baba anayebaki na aibu peke yake. Anawaambia wakwe, "Kwetu tumekubaliana hivyo," na neno linaisha. Muanze na jamaa yenyi uwezo ya kijiji. Tajiri akikula juu ya jani la mugomba, masikini hataona haya.

Juu ya zawadi, tuseme kidogo. Beseni za plastiki na maua ya plastiki zinajaa nyumba ya wanandoa mpaka hawana fasi ya kulala. Jembe, kuku, mbegu safi, muche wa avoka uliounganishwa ambao unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu ao wa nne, hizi ni zawadi zinazozaa. Ila musipande miche mwezi wa nane kwa ajili ya picha. Itakufa. Ikae kwenye pepinieri ya koperative, ikinyweshwa, mpaka mvua ya mwezi wa tisa ishikilie. Grevillea pembeni ya shamba, kaliandra juu ya mistari ya kuzuia udongo. Eukaliptusi iende kwa ardi iliyochoka, mbali na chemchemi, sababu inakunywa maji sana. Na muzazi mwenyi binti wa miaka kumi leo, apande sasa kuni ya arusi yake.

Siku inayofuata

Asubui ya kesho yake watu wanachoka, na hapo vitu vinapotea. Komite iweke watu wanne ambao hawakukesha. Majivu ya jiko yakusanywe yakiisha kupoa, yapelekwe shambani ao yawekwe kavu kwa kuhifazi mbegu. Majani na mabaki ya chakula yaende ndani ya shimo la mbolea, yafunikwe udongo ili mbwa wasiyafukue. Mifupa na damu ya machinjo visibaki karibu na maji. Chupa zirudi kwenye kazie. Kuni iliyobaki ipimwe na iandikwe, ili arusi inayokuja ijue ikate kiasi gani.

Vyombo vihesabiwe na mama mwenyi nyumba na mulinzi wa daftari, wote wawili, mbele ya wakwe wa mbali kupanda pikipiki.